Boksi Nililoliweka Darini

Rajabu mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi, ulipopita hapa jikoni ukanipa shikamoo huku mdomo umejaa kiazi, kwa hiyo sizirudii. Sasa uko Rangwi unamuaga shangazi yako, na namjua yule, hatakuachia mpaka akushindilie chakula ushindwe kupanda pikipiki. Nina saa tatu, labda nne. Nimewaambia watu kichwa kinaniuma, nimefunga mlango, nimekaa kwenye kigoda na daftari lako la kidato cha nne, zile kurasa za nyuma ulizoziacha tupu. Ukungu umeshuka tangu adhuhuri na siioni hata migomba ya jirani.

Sitakuambia habari za sweta wala za maji ya kuchemsha. Dada yako amekuandikia orodha nzima na wewe umeipoteza tayari, nimeiona chini ya kitanda. Nataka kukuambia jambo moja tu nililolifanya, na lingine nililoacha kulifanya. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu wiki hii. Mara zote nimeishia kukuuliza kama una njaa.

Unakumbuka siku barua ya chuo ilipofika. Ulichukua kipimo kimoja cha Ukimwi kilichokwisha muda kwenye mkoba wangu wa kazi, ukakishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota pete. Ukaniuliza, "Mama, unajua huu mstari mwekundu ni dhahabu?" Nikakucheka. Miaka yote hii natoboa watu vidole hapa zahanati, naweka tone la damu, nangoja mstari, na siku zote nilidhani ni wino. Ukanieleza kwamba dhahabu ikivunjwavunjwa hadi kuwa chembe ndogo sana, ndogo kuliko jicho lolote linavyoweza kuona, inaacha kuwa ya njano inakuwa nyekundu. Kwamba chembe hizo zinapakwa kitu cha kunasia dalili za virusi kwenye damu, zikisha kunasa zinajazana mahali pamoja, ndipo mstari unaonekana. Ukasema huko Arusha mtafundishwa kutengeneza vipimo vipya vya namna hiyo, vitakavyokamata virusi vyenyewe mapema, kwa tone moja, na simu itasoma mstari ili manesi wasikodoe macho. Ulikuwa unang'aa usoni. Mimi nikainuka katikati ya maneno yako nikasema naenda kutazama maharage.

Hakukuwa na maharage motoni siku ile. Nilikuja hapa hapa jikoni, nikasimama chini ya dari, nikalia.

Sasa nikueleze. Ulikuwa na miaka sita. Zahanati yetu ilikuwa na stoo moja ya nyuma, bati linavuja, ukuta umeota kuvu. Msimu wa baridi, ukungu ulikuwa unaingia ndani kama mtu wa nyumbani. Maboksi ya dawa yalilegea yakafumuka. Siku moja likaja boksi la vipimo vya Ukimwi, jipya, baada ya miezi ya kuletewa ahadi, na mimi nikaapa kuwa hili halitaozea kwenye stoo ile. Wewe mwenyewe unajua, hapa kwetu kitu usichotaka kiharibike unakipandisha darini, juu ya jiko. Mbegu za mahindi ziko huko, za maharage ziko huko, moshi unazikausha na dumuzi hawasogei. Bibi yako alifanya hivyo, na mama yake pia. Basi nikalifunga boksi kwenye kanga, nikalibeba nyumbani, nikalipandisha darini katikati ya mahindi ya mbegu. Nilijiona nesi hodari kuliko wote wa wilaya.

Pembeni mwa boksi paliandikwa lisikae kwenye joto la kuzidi nyuzi thelathini. Nilisoma. Kwenye semina pia tulikuwa tumeambiwa, na sisi tuliotoka milimani tulitazamana tukacheka. Joto ni shida ya watu wa Korogwe, tulisema, sisi tunalala na mablanketi mawili. Sikuwaza hata dakika moja kwamba juu ya jiko langu palikuwa na joto kuliko Korogwe.

Kila asubuhi ya kliniki nilipanda ngazi, nikahesabu vya siku hiyo, nikavitia kwenye kikapu nikaenda kazini. Vilinukia moshi. Mama mmoja wa Lukozi aliniuliza, "Nesi, kitu hiki umekibanika?" Tukacheka wote kliniki nzima, na mimi nikacheka kuliko wao.

Zuhura unamkumbuka kidogo tu, nadhani. Alikuwa mke wa mjomba wako Hoza, mdogo wangu wa tumbo moja. Nikiwa zamu ndiye aliyekubeba mgongoni, na ulikuwa ukimlilia yeye usiku wa homa badala yangu, jambo ambalo liliniudhi sana. Aliposhika mimba alikuja kliniki pamoja na Hoza, maana tulikuwa tumeanza kuwaomba kina baba waje na wake zao, na Hoza hakupenda watu waseme kaogopa. Nikawapima wote wawili asubuhi moja, kwa vipimo vya darini. Mstari wa juu, ule wa kuonyesha kwamba kipimo hakijafa, ulitokea vizuri kabisa. Mstari wa pili haukutokea kwa yeyote. Nikawaambia wako salama. Hoza akapiga kofi moja kubwa akasema, "Dada, niandikie kikaratasi nikabandike ukutani." Nikamwandikia. Kwa mkono wangu, na sahihi, na muhuri wa zahanati ambao hata haukuhitajika.

Mtoto alizaliwa, ndiye Amina. Alinyonya, akanenepa, kisha akaanza kukonda. Kuhara, vidonda mdomoni, kifua. Zuhura alimpeleka hospitali ya mbali bila kuniambia, nadhani alishanichoka kwa kumwambia ni meno. Huko walipimwa wote wawili, mama na mtoto, wakakutwa na virusi. Akarudi na karatasi ameikunja ndogo ndani ya kitambaa cha kichwa, akaja kwangu kwanza kabla ya kwenda kwake.

Wiki ile ile zahanati ilikuwa imeletewa boksi jipya. Nilimkalisha Zuhura kwenye kigoda hiki nilichokalia. Nikachukua kipimo kimoja cha boksi jipya na kimoja cha darini, nikamtoboa kidole mara moja, nikatia tone huku na tone kule. Nikageuka kama napika chai ili asinione uso. Dakika kumi na tano. Kile kipya kilikuwa na mistari miwili, myekundu, mizito. Kile cha darini kilikuwa na mmoja.

Hapo nilijua kila kitu, Rajabu. Sikuhitaji mtaalamu wa kuja kunifafanulia. Nilijua Zuhura angekuwa ameanza dawa akiwa bado na mimba, na Amina pengine asingeupata. Nilijua pia kwamba karatasi ya Hoza haikuwa na thamani yoyote, na kwamba boksi lilikuwa limebaki robo. Nilivikusanya vyote viwili nikavitia motoni. Nikamwambia Zuhura, "Ni kweli, wifi. Pole." Jioni nikalitumbukiza boksi la darini chooni.

Kesho yake Hoza aliwaita wazee. Mimi niliketi upande wa wanawake, na Zuhura mbele yangu na mtoto mapajani. Hoza akatoa kile kikaratasi changu, akakipitisha mkono kwa mkono, wasiojua kusoma wakautazama muhuri. Akasema, "Mimi ni mzima, nesi alinipima. Na huyu alipimwa siku ile ile akawa mzima. Sasa kautoa wapi?" Mzee mmoja akanigeukia, kwa heshima kabisa, akaniuliza kama vipimo vyangu ni vya kuaminika.

Nikasema, "Vipimo vya zahanati ni vya serikali, mzee."

Hayo tu. Sikudanganya neno hata moja, na katika maisha yangu sijawahi kusema kitu kibaya kuliko hicho. Zuhura aliinua macho akanitazama, na aliendelea kunitazama mpaka talaka ikatamkwa. Hakulia. Alfajiri alishuka Magoma kwa mama yake, Amina mgongoni na sufuria moja mkononi. Wewe uliniuliza kaenda wapi, nikakuambia kaenda kusalimia. Uliniuliza kwa wiki nzima, kisha ukaacha.

Utataka kujua kwa nini. Niliogopa kazi, ndiyo. Baba yako alikuwa ameshafariki na nyinyi mlikuwa wadogo. Lakini nisijifiche nyuma yenu, sababu kubwa haikuwa hiyo. Niliona aibu. Mlima mzima uliniita Nesi, wanaume wenye mvi walivua kofia wakinisalimu, nami nilikuwa nimeipenda sana heshima ile. Sikuweza kusimama mbele yao niseme kwamba nilivikausha vipimo vya damu juu ya jiko kama mahindi.

Nilijaribu kurekebisha kwa mlango wa nyuma. Niliwaita tena wanawake niliowapima kwa boksi lile, nikawadanganya kwamba wilaya inataka marudio. Waliokuja, walikuja, na wawili kati yao niliwaanzishia dawa. Waliokuwa wamehama au waliopuuza, sijui habari zao mpaka leo. Ninapokutana na mwanamke nisiyemkumbuka vizuri gulioni Lukozi, huwa namtazama mikono na shingo kabla ya kumjibu salamu. Labda umewahi kuliona hilo ukadhani mama yako ana dharau.

Na Hoza. Nilimbembeleza arudie kupima, akanijibu kwa Kishambaa kwamba mtu hapimwi kila siku kama mtoto wa kliniki. Nikasema mara ya pili, akasema, "Dada, wewe mwenyewe ulinipima. Unajitilia shaka?" Hapo ndipo mlango ulipofunguka wazi kabisa, Rajabu, na ndipo nilipoufunga. Nikasema, "Hapana, ni desturi tu." Alipoanza kukohoa alikwenda kwa waganga, akaenda kwa wauza dawa za majani, hospitali alipoambiwa apime alikataa, dada yake alishampima. Ulikuwa na miaka kumi tulipomzika. Ulibeba kata ya maji kaburini na watu walisema mtoto ana moyo. Kwenye mfuko wa koti lake nilikuta kile kikaratasi, kimechakaa kwenye mikunjo kimekaribia kukatika. Dawa zilikuwepo zahanati, kwenye kabati ambalo ufunguo wake niliutundika shingoni mwangu.

Nimepumzika kidogo. Nimeweka chai, nimeisahau imepoa.

Kosa la darini, nikikuambia ukweli, nimeshaacha kujichukia kwa ajili yake. Lilikuwa kosa la mtu anayependa kazi yake asiyejua kutosha. Nililitunza boksi lile mahali ninapotunza mbegu, sikuwa na mahali pa heshima zaidi. Lakini lile la pili nilifanya macho yakiwa wazi, na nililirudia kila siku niliyoamka nikanyamaza, na zimepita siku za miaka kumi na minne.

Huko unakokwenda watakuonyesha vipimo vyenye dhahabu na vitu vingine ambavyo hata majina yake sitayaweza, vitapita mtihani wa maabara, mtapongezana. Nakuomba mtu mmoja kati yenu aulize boksi litalala wapi. Atalibeba nani kutoka Lushoto, juu ya pikipiki gani, na mvua ikimkuta njiani ataliweka wapi. Atakayelipokea ni mtu kama mimi, na ataliweka pale anapoweka vitu anavyovithamini. Kama kuna namna ya kufanya mstari ule wa juu usitokee kipimo kikishaungua, itafute hiyo kabla ya mambo ya simu. Ule mstari ulinidanganya. Uliniambia kazi imekwenda sawa, nikauamini kwa sababu ndicho nilichotaka kusikia. Basi, sisemi zaidi juu ya kazi yako, utaijua kuliko mimi.

Ile wiki niliyokuambia nina semina Korogwe, hapakuwa na semina. Nilikwenda Magoma. Habari yako ya dhahabu ilikuwa imenikalia kifuani, sikuweza kulala. Nilimkuta Zuhura anapukuchua mahindi nje, jua kali, amekonda lakini ana nguvu, dawa zimemshika vizuri. Msichana mrefu akatoka ndani akapiga goti, "Shikamoo, mama." Hakunijua. Ana paji la uso la Hoza, Rajabu, na anasimama kama Hoza, mguu mmoja mbele.

Zuhura akamtuma maji. Kisha akaendelea kupukuchua, na mimi nikasema. Nilisema yote, boksi, jiko, vipimo viwili, jibu nililowapa wazee. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi.

"Nilijua, wifi," akasema.

"Ulijuaje?"

"Mbegu kwako nani alikuwa akipanda kuchukua? Si mimi? Boksi nililiona, nikadhani ni dawa za kuku. Halafu siku ile ukanitoboa, ukaweka viwili mezani, ukageuka kupika chai. Mimi shule sikwenda, lakini mstari mmoja na mistari miwili najua kuhesabu."

"Sasa kwa nini hukusema mbele ya wazee?"

Akacheka, kicheko kifupi, hakikuwa kibaya. "Wewe nesi, mimi mwanamke anayeachwa. Nani angenisikiliza? Nilikuwa nangoja useme wewe. Nilikutazama mpaka macho yakaniuma."

Nikaanza kulia na kuomba radhi, akanikatiza. Alisema pole ameshajipa mwenyewe zamani, hana pa kuiweka yangu. Akasema Amina anajua kwamba ana virusi, anakunywa dawa zake bila kusukumwa. Ila shuleni yuko mtoto aliyetoka kwetu milimani, akamwambia kwamba mama yake alifukuzwa kwa umalaya, na ndiko alikoutoa ugonjwa. Amina hakumuuliza mama yake kitu. Aliacha tu kula naye sahani moja.

"Mimi nikimwambia, ataona najitetea," Zuhura akasema. "Waambie wale wale waliokuwepo, mahali pale pale, na yeye akiwepo. Nasikia Rajabu anakwenda chuo. Dua yake mkiisoma nitakuja na Amina. Sitasema neno, nitakaa tu."

Nikamwambia aje. Ndiyo maana dua yako ni kesho asubuhi na si Ijumaa iliyopita kama ulivyotaka. Hukufurahi, ukasema nakuchelewesha. Nilikuwa nasubiri wao wapate siku ya kupanda.

Kwa hiyo kesho utawaona. Watakuwepo wazee wawili waliobaki kati ya wale wa siku ile, watakuwepo ndugu wote, na wakishafunga dua, kabla chakula hakijaletwa, nitasimama niseme. Najua litakalofuata. Heshima ile itakwisha, na pengine kazi pia, na jina la Hoza litasemwa upya kaburini alimo. Na wewe utaondoka nyumbani siku ambayo kila mtu anamzungumzia mama yako. Nakuomba radhi kwa hilo. Sikutaka uyasikie pamoja na watu, ndiyo sababu nakupa karatasi hizi jioni ya leo ukishuka tu kwenye pikipiki. Ukishindwa kunitazama usiku huu, usijilazimishe, chakula chako nitakiacha kwenye bakuli la bluu.

Kuna sababu ya pili ya kuandika na sikutaka kuisema, lakini tumeshafika hapa. Najijua mwenyewe. Kila mwaka nilikuwa na siku niliyoipanga, na kila mwaka ilipita. Naweza kufika kesho miguu ikakataa. Ukiona watu wameanza kunawa mikono na mama yako bado amekaa, simama wewe, mwanangu. Toa karatasi hizi, anzia pale penye jina la Zuhura, usome polepole. Amina atakuwa karibu na mlango. Msomee yeye.

Mama yako